Jaa likifunikwa, gesi hutafuta njia chini ya nyumba

ILIKUWA yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu ya Machi 24, 1986, wakati nyumba moja katika kijiji cha Loscoe, jimbo la Derbyshire nchini Uingereza, ilipolipuka na kusambaratika. Watu watatu waliokuwa ndani walijeruhiwa vibaya, na mahali palipokuwa na makazi pakasalia vifusi.

Chanzo cha mlipuko huo hakikuwa bomu, wala mtungi wa gesi uliosahauliwa wazi jikoni. Kilikuwa jaa la taka lililokuwa umbali wa kiasi cha mita 70 kutoka hapo. Jaa lenyewe lilikuwa limeacha kupokea taka miaka minne awali, mnamo 1982. Lilikuwa limejazwa, likafunikwa kwa udongo, na macho ya mpita njia yasingeona chochote cha kutisha.

Hilo ndilo fumbo ambalo makala haya yanakusudia kulifumbua: yawezekanaje taka zilizofukiwa na kusahauliwa zilipue nyumba ambayo haikujengwa juu yake? Na je, kuna njia ya kuitambua hatari hiyo kabla haijabisha hodi?

Jibu la swali la pili ni ndiyo. Njia ipo, na si ya kimiujiza. Ni kuchimba visima vyembamba kuzunguka ukingo wa jaa na kupima, mara kwa mara na kwa miaka mingi, hewa iliyo ardhini. Kwa taifa kama letu ambalo limeanza kufunga majaa yake ya zamani, elimu hii inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Gesi hutoka wapi?

Taka za nyumbani, hususan mabaki ya chakula, majani, karatasi na mbao, huoza. Katika siku za mwanzo, taka zinapokuwa bado na hewa ndani yake, uozo huo hufanana na ule wa lundo la samadi shambani: hutoa joto na gesi ya kaboni dioksidi. Lakini kadiri taka zinavyorundikwa na kushindiliwa, oksijeni iliyomo humalizika. Hapo huingia kazini viini vya aina nyingine, vijidudu wasiohitaji oksijeni, na hao ndio wazalishaji wa methani.

Jaa likishakomaa, gesi inayotoka humo aghalabu huwa na methani ya kati ya asilimia 45 na 60, na sehemu kubwa ya inayosalia ni kaboni dioksidi. Uzalishaji huo hauishi lori la mwisho linapoondoka. Huendelea kwa miongo kadhaa, japo kwa kupungua polepole.

Methani haina rangi wala harufu. Ule uvundo tunaousikia karibu na jaa hutokana na gesi nyingine chache zilizochanganyika nayo, mathalan ile yenye harufu ya mayai viza. Gesi inaposafiri kupitia udongo, harufu hiyo yaweza kuchujwa njiani ilhali methani ikapita. Kwa hivyo, anayetegemea pua kumwonya anategemea mlinzi aliyelala.

Hatari ya methani hudhihirika inapochanganyika na hewa kwa kiwango maalumu. Ikiwa chini ya asilimia 5 ya hewa, haiwezi kulipuka kwa kuwa ni chache mno. Ikizidi asilimia 15, hailipuki kwa kuwa oksijeni haitoshi. Lakini kati ya viwango hivyo viwili, cheche moja ya swichi ya umeme au kiberiti yatosha kuangusha kuta.

Tuchukue chumba cha kawaida chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Ujazo wake ni mita 30 za ujazo. Ili hewa ya chumba hicho ifikie asilimia 5, yahitajika methani ya mita moja na nusu tu za ujazo, ambayo uzito wake ni takriban kilo moja. Mtungi mdogo wa gesi ya kupikia tunaoununua dukani una kilo 6. Yaani, sehemu ya sita ya uzito wa gesi ya mtungi huo, ikijikusanya polepole chini ya sakafu na kupenya ndani usiku watu wakiwa wamelala, ni maafa yanayosubiri mtu aamke na kuwasha taa.

Kaboni dioksidi nayo ina hila zake. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mashimoni, kwenye chemba za maji taka na katika vyumba vya chini ya ardhi. Hailipuki, lakini huweza kumpotezea fahamu na hata kumwua fundi anayeteremka shimoni bila kujua kwamba hewa iliyomo haifai kuvutwa.

Kwa nini haipandi tu juu?

Kwa kuwa methani ni nyepesi kuliko hewa, mtu angetarajia ipande moja kwa moja na kutawanyika angani. Katika jaa lililo wazi, nyingi hufanya hivyo. Lakini gesi, kama maji, hufuata njia iliyo nyepesi zaidi, si lazima iwe njia iliyonyooka.

Majaa mengi duniani, ya kale na hata ya sasa, yameanzishwa katika machimbo ya mawe, mchanga au udongo wa matofali. Sababu yaeleweka: shimo lipo tayari. Ila shimo hilo lilichimbwa katika miamba yenye nyufa, au katika mchanga ambao hupitisha hewa kwa urahisi. Lisipotandikwa utando wa kuzuia kabla ya taka kumwagwa, kuta zake huwa na milango mingi.

Sasa zingatia kinachotukia siku jaa linapofungwa. Wahusika hulifunika kwa tabaka la udongo wa mfinyanzi ili mvua isipenye na uvundo usitoke. Ni kazi njema na yafaa ifanywe. Lakini kifuniko hicho hicho huifungia gesi njia ya juu. Kwa kuwa taka zinaendelea kuoza, gesi huongezeka, husukumana, kisha huanza kutafuta njia ya pembeni: kupitia nyufa za miamba, mitaro ya mabomba ya maji, mifereji ya nyaya na mashimo yaliyosahauliwa. Jaa linaloonekana kutulia ndilo basi linaloweza kuanza kutuma gesi kwa majirani.

Mvua hufanya kazi kama ya mfinyanzi. Udongo wa juu unapolowa chepechepe, matundu yake hujaa maji na gesi haipiti. Maji yaliyo ardhini nayo yakipanda, huisukuma gesi iliyokuwa imejaza nafasi hizo.

Hewa iliposhuka Loscoe

Kipo kisababishi kingine ambacho tukio la Loscoe lilikifundisha ulimwengu: kanieneo ya hewa, yaani uzito wa hewa inayoikandamiza ardhi na sisi sote tuliomo.

Katika hali ya kawaida, hewa ya juu huikandamiza gesi iliyo ardhini na kuizuia kwa kiasi fulani. Kanieneo ikishuka, kizuizi hicho hulegea. Gesi iliyoko chini hutanuka na kutoka kwa kasi. Usiku wa kuamkia Machi 24, dhoruba ilipita eneo hilo na kanieneo ikashuka kwa milibari 29 katika muda wa saa saba hivi. Kwa kuwa kanieneo ya kawaida karibu na usawa wa bahari ni takriban milibari 1,013, huo ulikuwa upungufu wa karibu asilimia 3.

Asilimia 3 yaweza kuonekana ndogo. Lakini tuseme taka na miamba inayolizunguka jaa ina nafasi zenye gesi ya mita 100,000 za ujazo. Kanieneo ikipungua kwa asilimia 3, gesi hiyo hutanuka na kutafuta nafasi ya ziada ya takriban mita 3,000 za ujazo kabla ya mapambazuko. Sehemu ndogo tu ya kiasi hicho ikipata ufa unaoelekea chini ya nyumba, hesabu tuliyoifanya ya chumba kimoja hukamilika haraka.

Uchunguzi wa umma uliofuata, ambao ripoti yake ilitolewa 1988, ulithibitisha kwamba gesi ilitoka kwenye jaa. Swali hilo halikuwa rahisi, maana Loscoe iko katika eneo la makaa ya mawe, nayo makaa ya mawe pia hutoa methani. Wanasayansi huweza kuzitofautisha gesi hizo kwa kuchunguza umri wa kaboni iliyomo. Methani ya jaa hutokana na vyakula na karatasi za miaka ya karibuni, hivyo bado ina kaboni 14, ile kaboni ambayo viumbe hai huipata kutoka hewani. Ya makaa ya mawe imekaa ardhini mamilioni ya miaka, na kaboni hiyo imekwisha kabisa.

Kinachosikitisha ni kwamba dalili zilikuwapo mapema. Kabla ya mlipuko, mimea ilikuwa imekauka katika baadhi ya bustani za wakazi na udongo ukawa na joto lisilo la kawaida. Mambo hayo yalionekana, lakini maana yake haikueleweka kwa uzito uliostahili.

Loscoe si kisa pekee. Mnamo 1969, katika mji wa Winston-Salem, jimbo la North Carolina nchini Marekani, methani kutoka jaa jirani ilipenya hadi chumba cha chini cha jengo la wanajeshi. Sigara iliyowashwa ikailipua, watu watatu wakafa na wengine watano wakajeruhiwa vibaya. Nchini Denmark, mlipuko uliotokana na gesi ya jaa la Skellingsted uliwaua watu wawili 1991.

Kisima kisichotekwa maji

Baada ya mikasa ya namna hiyo, nchi kadhaa ziliweka kanuni za kuchunga ukingo wa jaa. Chombo kikuu cha ulinzi huo ni kisima cha kupimia gesi.

Kisima hiki hakichimbwi ndani ya taka, bali nje yake, katika udongo au mwamba wa asili ulio kati ya taka na majirani. Lengo si kujua kama jaa lina gesi, kwani hilo linajulikana, bali kujua kama gesi hiyo imevuka mpaka.

Mafundi huchimba shimo jembamba hadi kina kinachokaribiana na kile cha taka. Kisima kifupi kuliko jaa chaweza kudanganya, kwa kuwa gesi huenda ikapita chini yake bila kugunduliwa. Ndani ya shimo huteremshwa bomba la plastiki, ambalo mara nyingi huwa na upana wa milimita 50, lenye matundu au mikato ubavuni. Bomba hilo huzungushiwa kokoto ili gesi iliyo katika udongo iingie kwa urahisi.

Sehemu ya juu ya bomba, kiasi cha mita moja au zaidi, haitobolewi. Huzungushiwa bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kuziba kila mwanya. Pasipo kizibo hicho, hewa ya nje huingia kisimani na kuichanganya gesi, na kipimo kikatoa picha ya uongo. Hatimaye, bomba hufunikwa kwa kifuniko chenye bilula ndogo ya kuunganishia kifaa, kisha likalindwa kwa kasha la chuma lenye kufuli.

Umbali kati ya kisima na kisima hutegemea ardhi na majirani. Palipo na nyumba karibu na miamba yenye nyufa, visima huhitaji kusongamana, pengine kila baada ya mita 5 hadi 20, kwa kuwa gesi yaweza kupita katika ufa mmoja mwembamba na kukwepa visima viwili vilivyo mbali. Palipo na mfinyanzi mzito na mashamba matupu, mita 50 au zaidi zaweza kutosha.

Namna ya kupima

Mpimaji anapofika, jambo la kwanza si kufungua kisima. Huandika tarehe, saa, hali ya anga na kanieneo ya hewa, pamoja na kama inapanda au inashuka. Kipimo kisicho na maelezo hayo ni nusu ya habari.

Pili, kabla ya kuvuta gesi yoyote, hupima msukumo uliomo kisimani ukilinganishwa na hewa ya nje. Kisima kinachopuliza nje kinasema kwamba kuna kitu kinachosukuma kutoka chini. Tatu, huunganisha mrija na bilula, na pampu ndogo ya kifaa huvuta gesi. Husoma viwango vitatu: methani, kaboni dioksidi na oksijeni. Huandika kiwango cha juu kabisa kilichoonekana na pia kile kilichotulia baadaye. Mwisho hupima kina cha maji kisimani, kwa sababu maji yakiwa yamefunika matundu yote ya bomba, gesi haiwezi kuingia na kipimo cha siku hiyo hakina thamani.

Aina ya kifaa ni jambo lisilofaa kupuuzwa. Vipo vifaa vinavyotambua gesi kwa kuiunguza kwenye waya wenye joto. Hivyo hufaa katika chumba chenye hewa ya kawaida, lakini katika kisima kilichojaa methani na kukosa oksijeni, hakuna kinachoweza kuungua, na kifaa huweza kuonyesha kiwango cha chini au hata sufuri. Yaani hutangaza usalama mahali penye hatari kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo, wapimaji wa majaa hutumia vifaa vinavyopima methani na kaboni dioksidi kwa miale ya infraredi, ambavyo havihitaji oksijeni ili kufanya kazi.

Kuzisoma tarakimu

Tarakimu bila ufafanuzi ni kelele tu. Nchini Uingereza, viwango vya tahadhari vilivyozoeleka katika visima vya ukingoni ni methani ya asilimia 1 na kaboni dioksidi ya asilimia 1.5, juu ya kile kiwango cha asili cha mahali penyewe. Asilimia 1 ya methani ni sehemu ya tano ya kile kiasi kinachoanza kulipuka. Maana yake ni kwamba kengele hulia kungali na wakati wa kutenda.

Nchini Marekani, kanuni ya taifa ya 1991 inataka methani isizidi asilimia 5 katika mpaka wa jaa, na isizidi robo ya kiwango hicho, yaani asilimia 1.25, ndani ya majengo yaliyomo katika eneo la jaa. Upimaji sharti ufanywe angalau mara moja kila robo mwaka, na uangalizi wa jaa kwa jumla huendelea kwa kawaida miaka 30 baada ya kufungwa.

Kaboni dioksidi huwatatiza wasiojua, kwa sababu udongo wowote wenye mizizi na mboji huwa nayo. Ndiyo maana visima vingine huchimbwa mbali na jaa ili kujua hali ya asili. Hata hivyo, kaboni dioksidi ikianza kupanda na oksijeni kushuka, mpimaji mwangalifu hashangilii kwa kuwa hajaona methani. Wapo bakteria udongoni wanaoila methani na kuigeuza kaboni dioksidi. Mabadiliko hayo yaweza kuwa nyayo za kwanza za methani inayokaribia.

Kubwa zaidi ni mwenendo. Kipimo kimoja ni kama picha moja ya mtu anayetembea: hakikuambii anakwenda wapi. Vipimo vya miezi na miaka, vilivyochukuliwa mvua inaponyesha na jua linapowaka, hewa inapopanda na inaposhuka, ndivyo vinavyoonyesha mwelekeo. Funzo la Loscoe ni kwamba siku iliyo mbaya kwa mpimaji kutoka nje, dhoruba inapokuja na barometa inapoporomoka, ndiyo siku inayofaa kuliko zote kupima.

Kupima pasipo kutenda

Visima havizuii gesi. Vinatoa habari tu, na habari humfaa anayeifanyia kazi.

Zipo hatua kadhaa zinazojulikana. Iliyo bora ni kuiondoa gesi kabla haijatoka: visima vya aina nyingine huchimbwa ndani ya taka zenyewe, mashine huivuta, na gesi huchomwa kwenye mnara maalumu au hutumiwa kuzalisha umeme. Nyingine ni kuchimba handaki ukingoni na kulijaza kokoto ili gesi ipate njia ya kupanda juu kabla ya kufika kwa jirani, au kuteremsha ukuta wa mfinyanzi au utando wa plastiki wa kuizuia. Na mahali ambapo gesi imekwisha kuvuka, majengo huwekewa vipimo vya kudumu na njia za kupitisha hewa chini ya sakafu.

Mtaa wa Brookland Greens, ulioko Cranbourne karibu na jiji la Melbourne nchini Australia, waonyesha jinsi mambo yanavyoweza kwenda. Nyumba zilijengwa kandokando ya jaa lililokuwa katika machimbo ya mchanga yasiyotandikwa utando wa kuzuia. Jaa likafungwa 2005. Mnamo Septemba 2008, methani ilipogunduliwa katika nyumba, wakazi walishauriwa wafikirie kuhama kwa usalama wao.

Hakuna nyumba iliyolipuka, kwa kuwa gesi iligunduliwa mapema. Lakini uchunguzi rasmi ulioripotiwa 2009 ulizilaumu taasisi zilizohusika kwa jinsi jaa lilivyoruhusiwa kutumika na nyumba kujengwa karibu nalo. Wakazi walikwenda mahakamani na kulipwa fidia. Gharama ya kusubiri ilizidi kwa mbali ile ambayo kinga ingelihitaji.

Na hapa kwetu?

Hatari ya majaa ambayo wengi katika eneo hili wanaikumbuka ni ile ya kuporomoka, hasa baada ya jaa la Kiteezi jijini Kampala kuanguka Agosti 10, 2024 na kuua zaidi ya watu 30. Hiyo huonekana na kusikika. Ya gesi ni ya kimya.

Majaa yetu makubwa, kama la Dandora jijini Nairobi, ambalo lilianza katika miaka ya sabini kwenye machimbo ya mawe, yamekuwa wazi kwa miaka mingi. Moshi wake ni balaa kwa mapafu ya wakazi, na gesi nyingi huishia hewani badala ya kujificha ardhini. Uwazi huo ni madhara ya aina yake, lakini pia huipunguzia gesi sababu ya kwenda pembeni.

Hali hiyo itabadilika majaa yatakapofungwa. Mnamo Julai 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa la Dandora lihamishwe. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 nayo imezipa kaunti majukumu mapya kuhusu taka. Jijini Mombasa, jaa la Kibarani lilifungwa 2018 na eneo hilo likaanza kugeuzwa bustani. Haya ni mambo ya kupongezwa. Lakini kufunika jaa si mwisho wa kazi. Taka zilizo chini hazijui kwamba juu yake pamepandwa nyasi na kuwekwa viti vya kupumzikia.

Yapo pia mazingira yetu ya kuzingatia. Karibu na ikweta, dhoruba za kushusha kanieneo kwa milibari 29 si desturi yetu. Badala yake, kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa utaratibu unaokaribia ule wa saa ya ukutani. Hufikia kilele yapata saa nne asubuhi, hushuka hadi yapata saa kumi alasiri kwa milibari tatu au nne hivi, kisha huanza upya usiku.

Kwa hivyo, mpimaji anayefika jaani saa nne asubuhi kila mara, baada ya hewa kuwa imeikandamiza ardhi, anaweza kurudi ofisini na tarakimu za kufurahisha ambazo si za kweli. Anayepima alasiri, kanieneo inaposhuka, huiona hali ilivyo. Kadhalika, msimu wa mvua za masika, udongo wa juu unapoloa na kuziba, ndio unaostahili vipimo vingi zaidi, si vichache kwa kisingizio cha matope.

Kisha kuna suala la ardhi. Mji unapopanuka, kiwanja kilicho kando ya jaa la zamani huuzwa kwa bei nafuu, na mnunuzi huelezwa kwamba jaa lilifungwa kitambo. Inafaa aulize: lilifungwa lini, lilikuwa na kina gani, lilichimbwa katika mwamba wa aina gani, visima vya kupimia viko wapi na vimeonyesha nini katika misimu miwili ya mvua iliyopita? Asipopata majibu, bei nafuu ile haijahesabiwa yote.

Anachoweza kufanya mkazi

Mwananchi wa kawaida hana kifaa cha infraredi, lakini ana macho. Mimea inayokauka kwa kipande bila sababu ya ukame au wadudu, udongo wenye joto usio karibu na moto, au mapovu yanayochomoza kwenye maji yaliyotuama baada ya mvua karibu na jaa la zamani, ni mambo ya kuripotiwa kwa idara ya mazingira ya kaunti, si ya kupuuzwa. Wanaoteremka katika chemba za maji taka au visima vya kuchimbwa karibu na majaa wasifanye hivyo kabla ya hewa kupimwa, na kamwe wasishuke na taa ya moto.

Iwapo pana shaka kwamba gesi imeingia nyumbani, mtu asiwashe wala kuzima swichi yoyote na asiwashe kiberiti. Afungue milango na madirisha yaliyo karibu, awatoe watu nje, kisha aite msaada akiwa mbali na jengo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala hili, ufa wenyewe uko ardhini na hauonekani, na ndiyo sababu ya kuchimba visima ukingoni na kuvisoma mwaka baada ya mwaka. Pale Loscoe, umbali kati ya taka na nyumba ulikuwa mita 70, na muda kati ya kufungwa kwa jaa na mlipuko ulikuwa miaka minne. Serikali ya kaunti inayofunga jaa leo haina budi kuweka katika bajeti yake mpimaji atakayekuwa akifungua visima hivyo hata baada ya magavana kadhaa kuja na kuondoka.